Sinki Lililoelekea Kibla

Kulikuwa bado giza niliposikia kopo likigonga ndoo. Mama mkwe alikuwa anatawadha. Nikabaki nimelala macho wazi, nikijua siku hiyo tutagombana tena kwa ajili ya choo.

Wanachuo walikuwa wamekaa kwetu Mikumi siku tano, wakijitolea kujenga choo cha chekechea. Bila choo mwalimu alikataa kuandikisha watoto, na mwanangu Mwamvua alishatimiza miaka mitano. Mimi kusoma nimejulia ukubwani, madarasa ya jioni. Sikutaka naye angoje hivyo.

Siku ya pili tu nilimwambia kiongozi wao, Goodhope, "Kaka, sinki msilielekeze Kibla. Huku wengi Waislamu. Mtu akijisaidia haelekei Kibla, wala hakipi mgongo."

"Sawa dada, nimenoti." Na kweli aliandika.

Saruji ilipokauka nikachungulia. Nyayo za kukanyagia zinatazama kaskazini, Kibla chenyewe.

"Goodhope, si nilikwambia?"

"Dada, ramani ilitoka chuoni. Lakini nimeliweka kwenye ripoti, sehemu ya changamoto."

"Kwa hiyo mimi ndiyo changamoto?"

Mwenzake Aneth akacheka, kisha akaona aibu. "Tungebomoa, dada, ila gari letu linakuja kesho saa nne."

Nyumbani mama mkwe hakutaka maneno mengi. "Mjukuu wangu hachutami mle. Atakaa hapa."

"Mwaka mzima, mama?"

"Si wewe msomi wa jioni? Mfundishe."

Basi asubuhi hiyo utepe ukakatwa. Wanachuo na fulana zao za njano wakapiga picha mpaka wakachoka. Sisi wazazi tulisimama kando, hakuna aliyemsogeza mtoto. Mwalimu ameshika daftari, jina hata moja halijaingia. Vijana wa watu wamechimba juani mpaka mikono ikatoka malengelenge, halafu neno moja la mwenyeji limewashinda kusikia.

Ghafla Mwamvua akachomoka mkononi mwangu, mbio, akaingia chooni na kufunga mlango.

"We mtoto, toka humo," mama mkwe akaita.

Wote tukautazama mlango, hata mwenye kamera.

Alipotoka, anashusha gauni lake, bibi yake akamshika bega. "Umeelekea wapi?"

"Bibi, mimi nimekaa upande."