Mwenzake Byron wa Kufikiri

Shemeji yangu Byron amesoma, na kusoma kwenyewe kumemharibu. Hatuwezi kuamua kama jioni tupike dagaa au ngege kabla hajatoa simu na kuiuliza ile akili bandia yake. Anaiita mwenzake wa kufikiri. Ningemwelewa kama angekuwa mkiwa, lakini mama yake yu hai, kaka yake ndiye mume wangu, na ana mke, Benta, mwenye akili ya kutosha nyumba mbili na ikabaki.

Benta huuza nguo za watoto za mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu. Kibanda chake kiko mahali pazuri, karibu na lango, na alikipigania miaka hadi akakipata. Wako wateja wanaotoka Muhoroni wakiulizia jina lake. Shirika alilofanyia kazi lilipomwachisha Byron, kibanda hicho ndicho kilichomlisha, na simu aliyoshika kilimnunulia hicho hicho.

Mwaka huu Byron akaamua kutoka kwenye boma la marehemu baba yake na kuanzisha dala, boma lake mwenyewe, hapa hapa Asembo. Si vibaya. Kwetu Wajaluo, mwanamume asiye na dala ni mtoto wa watu hata akiota mvi. Sisi wakubwa tulishahama, kwa hiyo njia yake ilikuwa wazi. Desturi yenyewe haina ugumu. Alfajiri mtu anatoka kwa baba yake na jogoo na shoka, mzee wa ukoo akiongoza, mke amebeba moto. Nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo na usiku mume na mke wanalala ndani. Mke asipokuwepo, hiyo si dala, ni mabati tu.

Wiki moja kabla, Byron alinijia jikoni akitabasamu, akanipa simu nisome alivyopanga na mwenzake. Nikasoma. Kusema kweli, ile mashine si mjinga. Ilimuuliza habari za maji, za barabara, za udongo. Ilimpigia hesabu ya biashara ya samaki. Na kila baada ya hatua chache ilimuuliza: mke wako anaonaje? Yuko tayari kuacha biashara yake? Byron alijibu kila mara, hiyo si shida, endelea. Nayo, kwa adabu zake za mhudumu wa hoteli, ikaendelea.

Hapo ndipo nilipowadharau wote wawili. Mmoja anajua swali lakini hana ubavu wa kulisimamia. Mwingine amewekewa swali mezani, limepakuliwa, bado linatoa mvuke, na anasukuma sahani. Nikamwambia aende Kisumu amuulize mkewe. Akacheka. Alisema Benta atafurahi zaidi akikuta kila kitu kiko tayari, ni saprais. Nikageukia sufuria zangu, maana ya mke na mume hayaingiliwi, na nilidhani hata upumbavu una mpaka wake.

Hauna. Benta aliletwa Ijumaa jioni akiambiwa wanakuja kumsalimia Mama. Kabla jua halijachomoza akaamshwa, akatoka nje na leso mabegani. Akaona jogoo kwapani mwa mumewe. Akamwona baba yao mdogo, Mzee Obiero, ameshika shoka, na mafundi wamekalia mabati. Benta ni binti wa Mjaluo, hakuhitaji kuelezwa. Mama mkwe akamkabidhi chungu chenye makaa ya moto, akakipokea, akauliza jambo moja tu: na kibanda?

Byron akamwambia asiwe na wasiwasi, amekwisha kukiachilia kwa Debra, yule anayeuza viatu jirani yake. Kisha, wallahi nilitaka ardhi inimeze kwa aibu isiyo yangu, akatoa simu kwa mkono ulio huru akaanza kusoma. Alisoma faida za kuishi kijijini. Alisoma kuhusu mtaji, na dagaa wa Asembo Bay, na maisha yenye utulivu. Anasoma vizuri, hilo simnyimi. Jogoo alikuwa akipapatika, na moshi wa makaa ulikuwa ukimwingia Benta machoni, naye hakuyafumba.

"Byron," akasema, "hii maneno yote umefikiria na nani?"

"Benta, kila kitu iko hapa. Nimefikiria mpaka mwisho."

"Nimeuliza na nani."

Byron akaangalia simu, akaangalia watu. Mzee Obiero akakohoa, akamuuliza Benta kwa upole kama anaubeba ule moto au haubebi. Mzee yule ana ukali wa kutosha kijiji kizima, lakini siku hiyo aliuliza kama anayeuliza mtu, akasubiri.

Benta akamrudishia mama mkwe chungu kwa mikono miwili. "Nisamehe, Mama. Niliambiwa nakuja kukusalimia. Nimekusalimia."

Mama hakumlaumu. Mzee Obiero akaweka shoka begani, akawaambia mafundi warudishe mabati, hakuna dala leo, akaenda kunywa chai. Nikamsindikiza Benta hadi barabarani. Alitaka kufika Kibuye kabla Debra hajatandaza viatu vyake, na kama ameshavitandaza, alisema, atavikunja mwenyewe kimoja kimoja. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na pikipiki ikampeleka.

Niliporudi, uwanja ulikuwa mtupu. Byron alikuwa amesimama pale pale, jogoo kwapani, kidole gumba kikibonyeza simu. Anatafuta ushauri. Akainua kichwa aliponiona, macho yamemjaa machozi, na kwa muda mfupi nikafikiri amepata akili.

"Shem, umeona?" akasema. "Umeona vile Benta amenidharau mbele ya watu?"

"Hapana," nikamwambia. "Anayekudharau ni mimi. Benta amekuacha."