Wakili wa Viti Viwili

Kulikuwa na kampuni mbili za mbao, zote zinadai kipande kilekile cha msitu, kile cha misonobari ng'ambo ya kijito. Moja ikanipa mimi mkataba wa kukata. Nyingine ikampa shemeji, kaka yake bibi yenu, yule tunayemwita Tingatinga kwa jinsi anavyotembea. Sasa fikirieni, ukoo mmoja, miti ileile, mikataba miwili! Bibi yenu akaapa hapiki tena mpaka mmoja wetu ashinde, halafu akapika, maana na yeye njaa ilimuuma.

Kampuni zikashitakiana. Kesi ikakaa, ikakaa, ikaota nyasi. Mara tukasikia zimeungana. Mnanielewa? Mdai na mdaiwa wamekuwa kampuni moja! Na hiyo kampuni mpya ikatangaza mikataba yetu yote miwili imekufa, tutafute kazi nyingine. Kazi gani? Mimi tangu niote ndevu ni kuangusha miti tu. Tingatinga naye hivyohivyo. Tukiukosa msitu ule, tunauza misumeno, tunakaa kibarazani kutazamana, na sura ya Tingatinga si ya kutazama kutwa nzima.

Siku ya kesi tukaenda. Chumba kidogo, madirisha hayafunguki, feni inalia kama mbuzi. Wakili mmoja tu, kijana, suti imembana hadi kooni. Hakimu alikuwa mama mmoja mnene, sauti ya upole, lakini macho, ee! Akauliza, "Wakili wa mdai yuko wapi?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na wa mdaiwa?"

"Ni... mimi pia, mheshimiwa."

Mama akavua miwani. "Kesi hii haijafutwa. Mdai kushoto, mdaiwa kulia. Ukisema kama mdai, kaa kushoto. Ukisema kama mdaiwa, hamia kulia."

Wajukuu zangu, yule kijana alihama! Anakaa kushoto, anasoma: "Mkataba wa mzee huyu ni halali, wa yule ni batili." Anazoa makaratasi, anavuka, anakaa kulia: "Napinga vikali! Wa yule ndio halali." Anarudi kushoto, anafuta jasho: "Mwenzangu anaipotosha mahakama." Mwenzake nani? Kiti kitupu!

Tingatinga akaninong'oneza, "Shemeji, huyu akijishinda, atajipa mkono?"

Hapo nikaisha. Nilicheka mbavu zikaniuma, machozi hadi kwenye kola. Askari wa mlangoni akaja kutunyamazisha, akatupa jicho mbele, naye akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Mwisho wakili akasimama katikati, anahema. "Mheshimiwa, kwa niaba ya kampuni mpya, naomba kusema mikataba yote miwili imekufa."

Sisi kicheko kikakatika. Ndio lile neno tulilokuwa tunaliogopa.

"Unasemea kiti kipi?" mama akauliza.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Cha... katikati, mheshimiwa."

"Katikati hakuna kiti." Akavaa miwani yake taratibu. "Kampuni yako imekaa kushoto ikasema mkataba wa huyu ni halali. Imekaa kulia ikasema wa yule ni halali. Sasa imekataa wapi? Wote wawili watakata. Wagawieni msitu."

Tingatinga akanikumbatia hadi nikapaa, miguu inaning'inia hewani kama ya mtoto. Lakini kufika ngazi za nje tu, akasema yeye anachukua upande wa juu.

"Juu? Kwa magoti hayo?"

"Wewe magoti yako uliyaona lini, na kitambi hicho?"

Tukabishana njia nzima. Asubuhi yake tukaingia msituni bado tunabishana, bado tunacheka, tukaangusha mti wa kwanza pamoja ili mtu asije akasema mwenzake alimtangulia. Ukaanguka puu, katikati ya barabara ya kampuni. Lori lao likaja likapiga honi, likapiga tena, na sisi tumekaa juu ya gogo tunagombania nani alipasue.