Jagi la Balungi

Daktari wa figo aligeuza karatasi ya majibu mara mbili, kisha akauliza tena, "Una hakika huli balungi? Hata juisi yake?"

"Sigusi kabisa, daktari," kinyozi akajibu, macho makavu.

Dada yake, fundi wa kushona magodoro, alikuwa ameketi kando yake, na alimwamini. Asimwamini kwa nini? Figo iliyokuwa ikifanya kazi tumboni mwa kinyozi ilikuwa yake yeye, aliyompa miezi minane iliyopita. Daktari akaeleza polepole: vile vidonge vinavyouzuia mwili usiikatae figo, vikizidi kwenye damu huigeukia figo yenyewe na kuila. Damu ya kinyozi ilikuwa na dawa mara mbili ya inavyotakiwa. Kuna kitu kilikuwa kinaipandisha, kama balungi linavyofanya. Akapunguza vidonge, akawaambia warudi baada ya wiki.

Walipofika nyumbani kwa mama yao, fundi akapitia jikoni kunywa maji. Harufu ikampokea mlangoni. Chini ya meza kulikuwa na beseni la maganda ya balungi yaliyoota ukungu wa kijani, yanatoa povu, vijinzi vimetapakaa juu yake. Juu ya meza, jagi. Akalifunua, akachovya kijiko. Kilichomo kikavutika kama kamasi. Akatema mate kwenye sinki, akatema tena.

"Ya mdogo wako hiyo, usije ukaimaliza," Mama akasema nyuma yake, anafuta mikono. "Uchungu unaosha figo. Kila asubuhi anakunywa glasi nzima, kabla hajameza yale madudu yao."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Kumbe ulikuwa unajua?" fundi akamuuliza.

"Walinikataza tangu siku ya kwanza, dada. Sasa ningefanyaje? Nikikataa, Mama ananuna siku tatu, hasemi na mtu."

Hapo ndipo kinyaa chenyewe kilipomshika. Ukungu ulikuwa afadhali. Jitu zima na ndevu zake, linalopitisha wembe kwenye shingo za watu, limekubali kujiua taratibu ili mama yake asinune! Na aliyepasuliwa ubavu ni yeye, ambaye mpaka leo hageuzi godoro bila kuomba msaada. Alitamani amzabe kofi, ila hakutaka hata kumgusa.

Akalibeba jagi, akalimwaga lote chooni, akavuta maji mara mbili.

"Mama, nisikilize vizuri. Hiki unachompa ndicho kinachomuua. Figo hiyo ikiharibika, basi tena. Hatuna nyingine."

Macho ya Mama yakamteremka binti yake polepole mpaka kiunoni, yakapita upande wenye kovu, yakatua upande wa pili.

"Si bado unayo moja?" akauliza.