Ng'ombe Walipolamba Mistari

Mkono wa Gumato ulikuwa umesahau kazi. Kwa miaka minne alilipwa kucheza tenisi, kutoka Kampala hadi Kairo, hadi miji ambayo mama yake alidhani ni majina ya dawa. Ghafla, mwaka ule wa tisini na nane, kila alipotaka kuanzisha mpira, mkono uliganda hewani. Mpira wa kwanza nje. Wa pili nje. Mashindano matano alijitoa mwenyewe, mpinzani kasimama ng'ambo kama mgeni anayengoja chai.

Zilibaki siku kumi kabla ya mchujo wa Nairobi. Akishindwa huo, raketi ingebaki ya kupigia nzi. Basi akarudi kwao, nje kidogo ya Garsen, kuutafuta mkono pale alipozaliwa nao.

Mafuriko yalikuwa yamepungua, yakaacha uwanda wa udongo laini ukikauka polepole. Kaka yake Jibril aliupitishia ng'ombe sitini, nenda rudi, siku tatu nzima, mabonge yakapondeka. Gumato akafagia kwa matawi. Wavu ulikuwa chandarua cha mama yao, Abdia.

"Kwa hiyo mbu wanile mimi, wewe upige mipira?"

"Siku sita tu, mama."

"Mbu hawajui kuhesabu, mwanangu."

Mistari je? Ghalani palikuwa na gunia la udongo mweupe. Gumato akachora mistari minyoofu, iking'aa machweoni, akaenda kulala akijisifu.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeulalia uwanda mzima. Alitembea kama anayeogelea, kapu la mipira kichwani, mpaka akaona migongo. Ng'ombe sitini walisimama kimya, wamejipanga mraba, vichwa chini kama waumini, midomo myeupe.

"Waamuzi wako wamefika mapema, dada," sauti ya Jibril ilitoka ukunguni, ikitetemeka kwa kicheko.

"Mistari yangu!"

"Ulichora kwa udongo wao wa chumvi! Binti wa wafugaji! Huko ulikokwenda walikunywesha nini?"

Gumato alitaka kulia, kicheko kikamtangulia. "Sasa nipige wapi? Mstari hauonekani."

"Kama hauonekani, utautokaje? Piga!"

Akarusha mpira juu. Ukungu ukaumeza, ukautema, na mkono ukapanda wenyewe, mwepesi, kama wa mtu mwingine anayeota. Mpira ukapita juu ya pembe, ukapotea. Kishindo kidogo kikasikika mbali. Akapiga wa pili, wa kumi, wa thelathini. Ng'ombe mmoja aligeuza shingo, akacheua, akaendelea na chumvi yake.

Kapu likaisha. Lakini Nairobi kuna mistari, naye alilijua hilo. "Kaka, leta jivu."

Jibril akawaswaga ng'ombe, kisha ndugu hao wawili wakachora upya. Jua likapasua ukungu, na mistari ikamtazama Gumato kwa macho yale yale ya zamani. Akapiga. Nje, mbali kabisa!

Akasubiri mkono ugande. Haukuganda. Akarusha wa pili, akapiga kwa nguvu zote, na pale mstarini jivu likafuka kama moshi wa ubani.

"Ndani!" Jibril aliruka.

"Nje," alisema Mama Abdia, aliyekuja kudai chandarua chake. "Nimeona kwa macho yangu."

Gumato hakubishana. Alikuwa keshachukua mpira mwingine.