Foronya ya Bibi

Wanawake wa nyumba yetu wakifikwa na msiba hufua. Wengine huzimia, wengine hulala, sisi tunatafuta beseni. Ugonjwa huu tumeurithi kwa Bibi, aliyekuwa dobi tangu usichana wake mpaka alipolazwa kitandani na maradhi. Kwa hiyo kesho yake baada ya kumzika, wageni walipoondoka, mama yangu na dada zake wawili walipandisha mikono ya magauni wakafua kila kitu alichokigusa.

Mimi nilikuwa jikoni nahangaika na masufuria, sina habari. Ningejua, ningelala juu ya yale mashuka wanifue nayo.

Babu alikuwa amekaa nje, mbele ya nyumba, kwenye kiti tangu asubuhi. Haoni. Zamani Bibi alifua na yeye akapiga pasi, na macho yalipomwishia Babu, Bibi hakumwachisha kazi. Alimpa soksi za wateja azioanishe kwa kupapasa. Akikosea, Bibi alizipanga upya kimyakimya, halafu akamsifia mumewe mbele za watu kwamba fundi ni fundi tu. Nilimshika Babu mkono nikamrudisha chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mchumba," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nipe mto wa bibi yako. Nataka nimnuse kidogo, nilale."

Niliushika mto. Foronya haikuwepo, na mto wenyewe ulinuka sabuni.

Nilitoka mbio hadi uani. Kamba zote zilikuwa zimejaa: magauni, mitandio, mashuka, hata kile kitambaa chake cha kufutia jasho. Foronya ilikuwa katikati, nyeupe pe, imebanwa kwa vibanio. Niliinusa. Sabuni tupu.

"Nani kafua hii?"

"Sisi," alisema mama mkubwa, ambaye tunamwita Kamanda, huku akikamua sweta. "Ulitaka watu waje wakute nguo za mama zina jasho? Si angetulaani huko aliko?"

"Babu anataka kumnusa."

Sweta lilimtoka mikononi. Mama mdogo aliitazama mikono yake iliyojaa povu, akakaa palepale kwenye maji yaliyomwagika, akalia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Tuliipekua nyumba nzima. Kitana kilikuwa kimesuguliwa kwa brashi. Ndala zilikuwa zinakauka ukutani. Aproni ya kazini, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango miaka yote, Kamanda alikuwa ameichemsha. Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja. Lakini ni Bibi huyohuyo aliyewalea hivyo. Ukifika kwake kutoka safari, hakuna cha hujambo wala nini, ni "Vua!" mlangoni, na shati lako liko majini kabla hujapewa kiti. Alifua mashati ya mtaa mzima, akajua mume gani kalala wapi, na siri zote hizo amekwenda nazo. Nilimpenda mno yule mwanamke. Sasa sikuwa na hata uzi wake mmoja wa kumpa mumewe.

Mama alinivuta pembeni. "Chukua foronya yangu," alinong'ona. "Mimi na bibi yako tulikuwa tunapaka mafuta ya nywele ya chupa moja. Mwambie ni yake. Mwache mzee wa watu alale."

Niliuvisha mto foronya ile, nikampelekea. Mama na dada zake walisimama mlangoni.

"Huu hapa, Babu. Wa Bibi."

Aliupokea kwa mikono miwili, akazamisha uso. Alikaa hivyo kitambo, nami nikaanza kumshukuru Mungu kwa uongo wetu. Kisha aliinua kichwa.

"Huyu ni mama yako, mchumba," alisema taratibu. "Amelia sana huyu mtoto. Hebu mbembelezeni."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Foronya ya mwenzangu iko wapi?"

Kamanda aliingia chumbani, akajifuta mikono kwenye gauni. "Tumeifua, baba."

"Na gauni lake?"

"Nalo."

"Na mtandio?"

"Tumefua vyote, baba. Tusamehe."

Babu aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya zamani akikabidhiwa nguo za kupiga pasi. "Zimetakata?"

"Zimetakata, baba."

"Basi angefurahi."

Alinirudishia mto wenye foronya ya mama, akageukia upande wa Bibi. Aliinama juu ya godoro tupu, akanusa. Akasogea kidogo, akanusa tena, mkono wake ukipapasa mbele yake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba upande ule nao walikuwa wameusugua asubuhi.