Baba wa Kwenye Pasipoti

Mizani ya kupimia abiria katika uwanja wa ndege wa Bukoba ilikuwa ileile ya kupimia kahawa. Jumatatu asubuhi Alistidia Kokuhirwa alipanda juu yake akiwa na sanduku, mwavuli, na senene, wale panzi wa msimu, wa kukaanga, ambao mama yake aliwafunga kwenye jani la mgomba. Karani wa ndege, Aristides, kijana wa Ijuganyondo mwenye kaptura iliyopigwa pasi barabara, alisoma uzito, akaandika. Kisha akafungua tiketi kwa mkono mmoja na pasipoti kwa mwingine.

"Tiketi ni ya Alistidia Kokuhirwa," alisema. "Pasipoti ni ya Alistidia Rweyemamu."

"Rweyemamu ni baba yangu."

"Basi, dada, anayesafiri ni nani?"

"Mimi."

Aristides alitazama tena huku na huku. "Mwenye tiketi nimemwona. Mwenye pasipoti bado."

Tiketi ilikatwa na misheni ya Kilutheri, iliyokuwa ikimpeleka Uswidi kusomea ukunga, na misheni iliandika jina ambalo kijiji chake kizima cha Izigo kilimwita. Pasipoti ilipitia bomani. Huko Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alimwuliza jina la ukoo. Kokuhirwa akamweleza kwamba Uhayani kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na kwamba lake alipewa na bibi yake. Bwana Shauri alisikiliza kwa adabu, kisha akaandika la baba. Binti aliporudi kuomba lirekebishwe, aliambiwa kosa haliko kwenye pasipoti, liko kwenye desturi za kwao.

"Ndege nyingine ni Alhamisi," Aristides alisema. "Njooni na Rweyemamu."

"Alifariki mwaka juzi," alisema Jovita, mama yake Kokuhirwa.

"Pole sana, mama. Alhamisi, saa tatu."

Chuo cha Uswidi kilikuwa kimeandika kwamba asipofika kabla ya mwezi kwisha, nafasi yake atapewa mwingine. Kwa hiyo Kokuhirwa akabaki mjini, Miembeni, kwa shangazi yake, na Jovita akapanda lori la kahawa kurudi Izigo. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, migombani, alikozikwa mumewe, akaanza kumweleza. Hakufika hata kwenye habari ya Bwana Shauri. Rweyemamu alikwisha kusimama, anajipangusa udongo, kwa kuwa hata enzi za uhai wake hakupenda maelezo marefu. Alikuwa amevaa nguo ya gome la mti aliyozikwa nayo.

"Mgomba ule wa njiani ameukata nani?" aliuliza.

"Upepo," Jovita alijibu.

Wakaondoka. Dereva wa lori alimpa Rweyemamu kiti cha mbele, kama ilivyomstahili mtu wa umri wake, na Jovita akakaa nyuma na magunia.

Baba na binti hawakuwa wameachana vizuri. Kokuhirwa alipotaka kwenda shule ya bweni, Rweyemamu alisema msichana akifika Muleba amefika mbali vya kutosha. Binti alikwenda kwa msaada wa mama yake, na baba akafa bila kusema naye tena. Sasa alimkuta uani kwa shangazi, anapiga nguo pasi.

"Umekonda," alisema.

"Karibu, tata." Kokuhirwa akapiga goti, akamletea buni za kutafuna. Mzee alitafuna mbili, ya tatu akamrudishia yeye.

Alhamisi Aristides alikuwa amevaa kaptura nyingine.

"Mzee, wewe ndiye Rweyemamu?"

"Ndimi."

"Na huyu?"

"Kokuhirwa, mwanangu."

Aristides alimpandisha mzee kwenye mizani. Mshale haukusogea. Akaandika sifuri, akaeleza kwamba asiye na uzito hahitaji tiketi, na kwamba sasa majina yote yamehudhuria. Rubani, Mwingereza mwenye mafua, aliomba tu mzee asivute kiko humo ndani.

Ndege ilipopinda juu ya ziwa, Rweyemamu alichungulia dirishani.

"Izigo ni ipi?"

Kokuhirwa akamwonyesha.

"Ndogo," alisema. Visiwa vilipopita, akamgeukia. "Ile shule nilikukataza kwa sababu njia ya kwenda huko nilikuwa siijui. Ungepotea, ningekutafutia wapi?"

"Na Uswidi unaijua njia, tata?"

"Siijui. Lakini leo nipo."

Kokuhirwa akafungua jani, wakala senene.

Uswidi walimwita kwa jina la pasipoti. Kila mwalimu alipotaja Rweyemamu, baba ndiye aliyeitika, tena kwa kusimama, hata wakamwekea kiti karibu na mlango. Aliona theluji, akasema haifai kwa migomba. Jioni alimwita binti yake Kokuhirwa, na katika nchi ile yote hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Siku ya kuhitimu waliita Rweyemamu. Mzee akaenda mbele akapokea cheti, akampa binti yake, watu wakapiga makofi.

Waliporudi, Kokuhirwa alikwenda bomani na vyeti vyake kuomba tena jina lirekebishwe. Bwana Shauri alikuwa mpya, mchangamfu, akamkaribisha kiti. Alisema pasipoti na cheti sasa vinakubaliana kabisa, na ingekuwa hasara kuviharibu. Alimpongeza.

Rweyemamu hakuweza kurudi kulala, maana jina lake lilikuwa bado kazini. Jovita aliendelea kupalilia kaburi lake tupu pale Izigo, asije akaruhusiwa ghafla akakuta majani.

Kokuhirwa alipangiwa zahanati moja ya Muleba. Mlangoni waliandika MKUNGA RWEYEMAMU kwa rangi nyeupe. Mzee alikaa barazani kwenye benchi, pamoja na akina mama wenye mimba, ambao walimsogezea nafasi na kumwuliza habari za waliotangulia. Wakati mwingine mgeni alifika na uchungu, akasoma mlango, akamwulizia Rweyemamu.

"Ni mimi," alisema mzee, akiinuka kumshika mkono. "Lakini mimi sizalishi. Unayemtaka ni Kokuhirwa. Sema vizuri: Kokuhirwa. Yumo ndani."