Joto Linalochagua

“Mama, nimekwambia taa ya kutibu manjano haizimwi!” muuguzi alifoka. “Manjano yakipanda damuni, ubongo wa mtoto utaharibika.”

“Na malengelenge haya? Jana hayakuwepo.”

“Ni joto tu.”

“Joto gani hilo linalochagua, dada? Palipofunikwa na nepi hana hata moja.”

Nikaifungua nepi kumwonyesha. Mkojo ulikuwa mwekundu, na chini ya ule mwanga wa buluu uling’aa kama kaa la moto. Muuguzi akainama kuutazama. Nikiizima taa, naupoteza ubongo wa mwanangu wa siku tatu. Nikiiacha, ngozi yake.

“Mkimbilie daktari,” nilisema. “Mwambie mwanga wenyewe ndio unaomuunguza; kinachong’aa mkojoni lazima kimo ngozini pia.”

Nikachomoa waya ukutani, nikamfunika mwanangu shuka mpaka utosini.